Vanishi Juu ya Sandarusi

Gharama yake yote ilikuwa makopo mawili ya vanishi ya dukani, brashi moja ya kuazima, nauli ya Pangani kwenda na kurudi mara mbili, na mtu mmoja. Nimehesabu mara mbili. Kila nikirudia, makopo na nauli vinazidi kuwa vyepesi, na mtu anabaki na uzito wake uleule.

Mtu mwenyewe tulimwita Mzee wa Mipini. Jina lake la msikitini, wa kwao wanalijua. Mimi nilimjua kwa kazi, nikamla kwa kazi, na kwa kazi ndiko nitakakomsemea. Alikaa Makorora, na karakana yake ilikuwa uani, kati ya jiko la mkewe na banda la kuku: kerezo moja ya kuzungushia mti kwa mguu, visu vitatu, vipande vya vioo vilivyovunjika, na kamba ya kuanikia ambayo siku nyingi haikuanikiwa nguo. Zilining'inizwa fimbo za kuvulia samaki, zile zenye gurudumu la kukunjia mshipi. Alizivua mipini iliyooza, akazivika mipya.

Kwa watu wa Tanga ilikuwa kazi ya kuchekesha. Mvuvi wetu mshipi anaushika kwa kidole, na samaki akigusa ndoana habari inamfika kwenye mfupa. Fimbo zilikuwa za Wazungu wa mkonge, za madaktari, za mainjinia wa reli, na za wakubwa wachache walioona ukubwa haujatimia mpaka uvue siku ya Jumapili. Halafu ikaingia miaka ya foleni. Duka likawa na muuzaji, mizani na kalenda. Ukiambiwa kuna sabuni unauliza wapi kwanza, ndipo unauliza kama ni kweli. Mpini wa fimbo ukioza miaka hiyo hakuna pa kununulia mwingine, hata kwa ulanguzi, maana walanguzi nao walikuwa na akili ya kulangua vitu vinavyolika. Basi wakubwa wakaja Makorora wenyewe, wanaruka maji machafu kwa viatu vyao vya kung'aa, wanabisha hodi kwa mzee mwenye shuka.

Mimi ndiye niliyewaelekeza. Nilikuwa dalali wa chochote chenye wenyewe wawili, anayetaka kukiacha na anayetaka kukipata. Kwa mzee nilichukua fungu moja katika kumi, na nilichukua kutoka kwa mteja pia, jambo ambalo mzee alilijua na mteja hakulijua.

Kupatana naye kulikuwa balaa. Nimepatana na Wapemba wa karafuu, na Waarabu wenye mashamba, na wanawake wa soko la Ngamiani ambao wakikupunguzia senti unajua umeibiwa shilingi. Huyu alikuwa na dini yake peke yake. Anakutajia sitini. Ukisema hamsini, anasema sitini na tano. Ukisema basi hamsini na tano, anasema sabini.

"Mzee, biashara haiendi hivyo," nilimwambia siku ya kwanza.

"Kila neno lako ni muda wangu," akasema. "Sema tena tufike themanini."

Nilikaa kimya. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya udalali kununua kimya, na kilikuwa ghali.

Mpini hakuutengeneza mpaka apime mkono wa mwenye fimbo. Si kwa kuuangalia. Mkewe alimpa donge la unga uliokandwa kwa maji baridi, mteja akalishika kama anavyoshika fimbo samaki akivuta, akalibana, akaliachia. Mzee alilitazama lile donge jinsi daktari anavyotazama picha ya mapafu. Anaona kidole gumba kinachokwepa, kidole cha mwisho kisichofanya kazi, kiganja kinachobana zaidi upande mmoja. Akishapima kwa uzi na kuchora kwa mkaa ubaoni, donge halikutupwa. Ilikuwa miaka ya unga wa njano wa msaada, na unga ni unga. Mkewe alilirudisha kwenye sinia, akaongeza maji, akasonga.

"Leo tunakula mkono wa daktari," anasema mama yule akiweka chakula.

"Mkavu," mzee anajibu akionja. "Wa juzi, wa injinia, ulikuwa na chumvi."

Nimekula mikono ya watu wengi katika ua ule. Mingine ilikuwa ya watu waliokuwa wakitangaza redioni kwamba chakula kipo cha kutosha.

Ukimwambia habari za bahari alibadili maneno. Yeye aliyeshika fimbo kuliko mtu yeyote wa mji ule hakuwahi kuvua nayo. Chombo kikitikisika kidogo alitapika, na aliwahi kutapika kwenye kivuko cha Pangani, kikiwa kimefungwa kamba. Samaki hakumpenda. Alikula maharage, na mkewe akipika kibua, yeye alikwenda kula barazani, akidai moshi unamwumiza macho. Mwanamke yule ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya juu, mwenyewe akisikia.

"Hajui hata samaki anavuta vipi," akasema. "Anatengeneza kitanda cha mtu asiyelala."

"Samaki simjui," mzee akajibu. "Najua mkono. Samaki na ajijue mwenyewe."

Alikuwa mtu wa sala tano, na mwenye hasira za haraka kati ya sala na sala. Mtu asiyempa salamu hakumjibu wiki nzima, na yeye mwenyewe alikuwa akipita watu kama mti unaotembea. Kahawa yake ilikuwa wazi kwa kila anayeingia. Kipande cha msasa ukikiazima alikifuata mpaka kwako. Na miaka hiyo msasa wenyewe haukuwa wa dukani. Alirudi kwa wazee wa zamani, akatumia majani makavu ya mti wa msasa yanayokwangua kama ulimi wa paka, na kwa kazi ya mwisho alitumia ngozi kavu ya taa, samaki yule bapa. Samaki pekee aliyekuwa na urafiki naye.

Mipini aliitoa kwenye vitanda vya mninga vilivyovunjika. Nilimletea mimi. Talaka zikizidi mtaani, mninga ulipatikana.

Lakini mambo yote yalikuwa kwenye sandarusi. Ni utomvu wa miti ya zamani, ile iliyooza ikapotea, utomvu ukabaki chini ya ardhi ukawa mgumu kama kioo cha rangi ya chai. Babu zetu waliuchimba wakauza Ulaya, Ulaya ikaurudisha kwenye makopo ikiitwa vanishi. Makopo yalipokatika, mzee akaona hakuna haja ya kusubiri Ulaya. Alikuwa na watu wake Mwera, huko wilaya ya Pangani, waliokuwa wakiiokota walipolima, wakamletea kwa kikapu. Aliipondaponda, akaiyeyusha kwenye mafuta ya moto, nje, mbali na makuti, mkewe akiwa amesimama mlangoni analilia sufuria yake. Moshi wake ulinuka ubani na limau. Kisha alipaka mara saba, mikono saba kama mafundi wanavyosema. Kati ya mkono mmoja na mwingine alingoja siku tatu. Mvua ikiwepo, siku tano. Hakuwa na saa ya kazi hiyo. Aligusa kwa mdomo wa chini, kama mama anayepima joto la mtoto.

"Umekauka," nilimwambia mara moja, nimegusa mpini kwa kidole.

"Umekauka juu. Na wewe umekauka juu."

Mpini ukitoka pale, ulioshikwa na mkono uliopimwa, ulikuwa kitu ambacho hata mimi, nisiye na fimbo, nilisikia uchungu kukiachia. Chini ya mpini alizungusha uzi, pete tatu, nyekundu, nyeusi, nyekundu. Ndiyo alama yake. Hakuandika jina popote.

Halafu milango ya nchi ikafunguliwa. Vitu vikaingia. Sitaki kuongopa, tulifurahi. Nilisimama mbele ya duka moja Barabara ya Pili nikahesabu aina za sabuni, nikafika kumi na moja, nikahesabu tena, zikawa kumi na mbili kwa sababu nyingine ilikuwa imefichwa na kopo la maziwa. Kwa watu kama mimi hata hivyo, duka lililojaa ni msiba. Nani anamhitaji dalali wa kitu kilicho mezani? Fungu langu katika kumi likawa fungu la hewa.

Ndipo nikasikia kwamba kando ya Pangani kumefunguliwa kambi ya wageni wanaokuja kuvua kwa starehe, na kambi imenunua fimbo kuukuu ishirini na nne, nzuri za mti wake, mbaya za mpini. Nikaenda. Meneja alikuwa kijana wa bara mwenye haraka. Wageni wa kwanza walikuwa wanafika baada ya wiki tano. Nikamwambia wiki tano zinatosha na siku mbili zinabaki. Akanipa nusu ya malipo mkononi. Nikarudi na fimbo ishirini na nne juu ya basi na nusu ya malipo ndani ya soksi.

Mzee alizitazama zimelala uani.

"Za nani?"

"Za kambi."

"Kambi ina mikono mingapi?"

"Mzee, ni za wageni. Leo anashika huyu, kesho yule."

"Fimbo isiyo na mwenyewe nitaipimia nini?"

"Pima mkono wangu."

Akanipa donge. Nikalibana kwa nguvu zangu zote. Akalitazama, akamwita mkewe aje aone. "Mkono huu haujapata kushika kitu kikauvuta," akasema. "Siwezi kupima upepo." Walicheka wote wawili. Nami nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimeshakula katika ile nusu.

Mwishowe alikubali, akapima mkono wake mwenyewe kwa zote ishirini na nne. Sijui kwa nini alikubali. Nadhani ni mkewe. Mama yule alikuwa ameanza kukohoa, na dawa nazo sasa zilikuwa tele, ila kwa pesa.

Alikereza, akakwangua, akazungusha uzi, pete tatu kila mpini. Akaanza kupaka. Mkono wa kwanza, wa pili. Ikanyesha. Wa tatu ukangoja siku sita. Nilikwenda kila siku kumhesabia siku, naye alinijibu kwamba anazo zake. Wiki ya tano ilipoingia alikuwa amepaka wa nne.

"Imebaki mitatu," akasema.

"Siku zimebaki nne."

"Basi waambie waje mwezi ujao. Bahari haihami."

Nilimwambia nitakwenda kumwomba meneja. Sikwenda. Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa, mzee msikitini, mkewe amelala kwa homa. Nikaingia na mkokoteni, nikamwambia mama yule kupitia dirishani kwamba mzee amenipa ruhusa. Akasema, "Haya baba, chukua." Nikazipeleka kwangu. Nikanunua makopo mawili ya vanishi ya dukani, ile ya kukauka kwa saa moja, nikapaka juu ya sandarusi yake mara mbili, mchana uleule. Ziling'aa. Lazima niseme ziling'aa kuliko alivyowahi kuzing'arisha yeye. Nilijiona nimegundua kitu.

Jioni mzee alikuja mlangoni kwangu. Hakuingia.

"Umezipeleka?"

"Zimekwenda, mzee. Meneja amekubali kuzipokea na mikono minne. Amesema inatosha."

"Mikono minne itashika," akasema. "Haitapendeza, ila itashika." Akaenda zake.

Kesho yake ndipo nilipozipeleka Pangani, nikapewa nusu ya pili. Yeye nikampa yake yote, sikupunguza hata senti. Hilo nalitaja kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nikijitajia.

Fundi yeyote wa kitanda angeniambia. Sandarusi ilikuwa bado inapumua. Ukiifunika na kitu kinachokauka haraka, chini kunabaki laini, juu kunakuwa ngozi. Wageni walipotoka siku ya jua kali, na mikono ya jasho, ngozi ile ikakunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa, ikang'oka, ikawabakia viganjani. Mgeni mmoja alinasa samaki mkubwa, mpini ukamteleza kwa ule utelezi, fimbo na gurudumu lake vikaenda majini.

Zikarudi ishirini na tatu. Gari la kambi liliziteremsha mbele ya kinyozi wa Makorora, mahali wanapokaa wanaume baada ya alasiri. Walikuwa wanane, ukinitoa mimi na ukimtoa mzee, aliyeitwa kutoka nyumbani akaja na shuka lake na maranda ya mti kwenye nywele za mikono. Meneja alisema mbele ya wote.

"Mzee wenu ametupaka asali. Mtu haoni tena, mmwambie apumzike."

Mzee aliokota fimbo moja. Akaikwangua kwa ukucha. Akainusa. Akaiweka chini taratibu, akatazama zile pete tatu.

"Alama ni yangu," akasema.

Kinyozi alinigeukia, mkasi mkononi. "Dalali, wewe ndiye uliyezipeleka. Unasemaje?"

"Mimi ni dalali," nikasema. "Vanishi siijui."

Wakacheka. Mmoja akasema uzee hauna dawa, mwingine akasema afadhali ametoka na jina zuri la zamani. Mzee hakunitazama. Alikusanya fimbo, akazifunga kwa shuka lake la mabegani, akazibeba kwa safari tatu, na hakuna aliyemsaidia, mimi nikiwa wa kwanza kati ya wasiosaidia. Akazikwangua zote upya, akapaka mikono saba, bure, miezi mitatu. Kambi ilikuwa imeshanunua nyingine mpya, mipini ya sponji. Alipozirudisha, waliziacha zile kwenye stoo.

Baada ya hapo hakuletewa fimbo hata moja. Wangeacha kumletea hata hivyo, vitu vipya vimejaa, najiambia. Lakini kuna kuachwa kwa sababu dunia imehama, na kuna kuachwa kwa sababu watu wamesema umepofuka. Mainjinia waliokuwa wakiruka maji machafu walipita na gari wakiwa wameinua vioo. Watoto walimwita Mzee wa Asali. Mkewe alikufa mwaka ule. Kwenye mazishi nilimpa mkono, akaushika, akaubana kidogo kama anapima, akauachia. Kisha akahama, akaenda kwa watu wake Mwera.

Nilimwona tena baada ya miaka mingi. Nilikuwa nimekwenda Mwera kwa ajili ya nazi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakwangua mpini wa jembe kwa kipande cha kioo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sauti ya dalali hiyo."

"Hujanisahau."

"Mtu anayeomba kupunguziwa anasahaulika?"

Alikuwa anaona vizuri. Alinionyesha mwewe juu ya minazi ambaye mimi sikumpata. Nilikaa. Nilikuwa na pesa mfukoni, nimezitenga tangu Tanga, zile nusu mbili zote jinsi zilivyokuwa na nyongeza kwa jinsi shilingi ilivyoanguka. Nikaziweka juu ya maranda.

"Za nini?"

"Za zile fimbo."

"Fimbo zipi?"

"Za kambi."

"Nililipwa."

"Mzee, nilipaka vanishi mimi."

Hakuacha kukwangua. "Sandarusi hainuki ndizi mbivu," akasema. "Nilijua palepale, nilipoinusa."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Aliyepaka alikuwapo. Nilimngoja aseme. Nikangoja siku hiyo, nikangoja mfungo mzima. Mke wangu akawa ananiuliza, kijana amekuja? Maana yeye ndiye aliyekwambia chukua, akadhani kosa lake. Amekufa akidhani hivyo."

Hilo sikulijua. Nilizisogeza pesa karibu yake, maana nilikuwa sina kingine cha kusogeza.

"Ondoa, zitapeperuka," akasema. "Ulisema mbele ya watu. Nenda kaseme mbele yao."

"Walikuwa wanane, mzee. Wanne tumewazika, kinyozi akiwa mmoja wao. Mmoja yuko Maskati, mmoja Mombasa hajulikani mtaa. Mmoja akili imemtoka, hamjui hata mkewe. Amebaki mmoja, na huyo amekuwa kiziwi."

Akalitazama jembe lake, akajaribu mpini kwa kiganja, akauona una kasoro mahali ambapo mimi sikuona kitu.

"Basi anza na kiziwi," akasema. "Ukimaliza, njoo uniambie."

Hiyo ni miezi minne sasa. Kiziwi yupo. Anakaa palepale mbele ya duka la kinyozi, ambalo siku hizi linauza kanda za muziki, na kuanzia asubuhi mpaka isha amezungukwa na watu. Ili asikie lazima umshike bega na upige kelele kwenye sikio la kushoto. Juzi aliambiwa mafuta ya taa yamepanda, na nyumba nane zikatoka na madebe. Nimefikiria kumwandikia. Kusoma anajua herufi za Kiarabu tu, na macho yamemwisha. Barua zake anasomewa na mjukuu, kwa kelele vilevile. Nimefikiria kumwalika kwangu, nifunge dirisha. Mke wangu amesema yeye atakuwa kwao siku hiyo.

Mzee hajanipa muda, lakini ni mtu mzima sana, na mwenye nazi aliyetoka Mwera wiki iliyopita ameniambia anakohoa. Ninyi mnaosoma haya, ambao wengine mna madeni yenu na mmeyalipa, naomba mnishauri jambo moja tu: nikimkuta kiziwi msikitini alfajiri, watu wakiwa wameshatawanyika, nikamwambia kwa sauti ya kadiri, akaitikia kwa kichwa hata kama hakusikia yote, itahesabika?